Rigobert Song: Miji Tisa, Begi Moja

Hivi ukiletewa leo barua ya kazi mpya, mshahara mara tatu ya huu unaoupata sasa, ila kituo chenyewe ni mji ambao hata jina lake ulimi unakataa kulitamka, utafanyaje? Wengi wetu tungesema "nakwenda" kabla hatujafika mwisho wa barua. Halafu usiku, taa zimeshazimwa, mwenzio anauliza kwa sauti ndogo: "Na sisi je?"

Hilo ndilo swali la vijana wengi wenye kazi zao. Leo uko Dar, keshokutwa ofisi inakuhamishia Mwanza, mwakani kuna mkataba Kigali, na kuna mshikaji wako yuko Doha kila wiki anakupigia simu, "njoo bwana". Wazee nyumbani wanasema mtu wa kuhamahama hana kwake. Je, ni kweli?

Ili tupate jibu, mwezi huu ukurasa wa safari haukupeleki mbugani wala kisiwani. Tunafuata begi la mtu mmoja: Rigobert Song, beki wa Cameroon aliyezaliwa 1 Julai 1976, yule jamaa wa rasta na jezi namba 4 ambaye kila aliyekuwa akikodolea macho runinga miaka ile anamkumbuka. Alianzia Yaoundé, kisha kati ya 1994 na 2010 akakipiga katika miji minane ya nje: Metz, Salerno, Liverpool, London, Köln, Lens, Istanbul na Trabzon. Ukihesabu na nyumbani, miji tisa. Nusu yake ni miji ambayo wakala wa safari hata siku moja hatakutajia, na hapo ndipo penye utamu.

Kwa nini beki? Kwa sababu straika akihama, watu wanasema kanunuliwa. Beki akihama, watu wanauliza kafanya nini. Kazi ya beki ni ya lawama. Akizuia mara ishirini hakuna anayehesabu, akiteleza mara moja picha inarudiwa wiki nzima. Sasa ukitaka kujua mtu anaishije na begi mkononi na lawama mgongoni, usimfuate mfunga magoli. Twende.

YAOUNDÉ: MJI WA VILIMA

Mji mkuu wa Cameroon si mji wa bahari. Ukitaka mawimbi, teremka hadi Kribi au Limbe. Yaoundé uko bara, umekaa juu ya vilima, wenyewe wanasema saba, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku kuna kaubaridi ka kujifunika shuka mbili. Udongo ni mwekundu kama wa Bukoba. Teksi ni za njano, na huzikodi peke yako: dereva anapunguza mwendo, wewe unamtupia kwa sauti jina la unakokwenda na bei yako, akipiga honi ujue mmekubaliana, asipopiga anakuacha hapo hapo.

Jioni kaeni, wewe na mwenzio, kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, muagize samaki wa kuchoma na pilipili yao isiyo na mzaha. Kesho yake muonje ndolé, majani machungu yanayochemshwa mpaka ukali uishe, kisha yakapikwa kwa karanga na kamba au nyama. Mtu wa kisamvu hatapata shida hata kidogo.

Hapa ndipo Song alipoanza, katika klabu ya Tonnerre. Si klabu ya mchezo. Imepitiwa na Roger Milla, na hata George Weah alipita pale kabla ya kwenda Ulaya. Juni 1994, akiwa na miaka 17 tu, Song akajikuta Marekani kwenye fainali za Kombe la Dunia. Tarehe 24 wakakutana na Brazil. Wakafungwa 3-0, na kijana akatolewa kwa kadi nyekundu. Mpaka leo hakuna mchezaji mdogo kuliko yeye aliyewahi kuoneshwa kadi hiyo kwenye fainali za Kombe la Dunia.

Fikiria ingekuwa wewe. Wiki ya kwanza ya kazi kubwa kuliko zote, dunia nzima inatazama, unafukuzwa mbele za watu. Shika hiyo kadi, tutairudia mwishoni.

METZ: MJI NAO ULIHAMISHWA

Mwaka huohuo akamwaga wino FC Metz, mashariki mwa Ufaransa, karibu na mipaka ya Ujerumani na Luxembourg. Kutoka Yaoundé kwenda Metz ni sawa na kutolewa jikoni na kuingizwa kwenye friji. Lakini ni mji mzuri, tena wa wapendanao. Majengo yake mengi ni ya mawe ya njano, jua la jioni likiyapiga mji mzima unakuwa rangi ya asali. Mto Moselle unajigawa matawi, na uwanja wa mpira wenyewe, Saint-Symphorien, uko kisiwani.

Usiondoke bila kuingia kanisa kuu la Saint-Étienne. Vioo vyake vya rangi vina ukubwa wa mita za mraba kama 6,500, yaani karibu uwanja mzima wa mpira umesimamishwa wima na kupakwa rangi. Baadhi vimechorwa na Marc Chagall. Nje, kituo cha treni kinaonekana kama ngome ya Wajerumani, na kweli ni wao waliokijenga, kikafunguliwa 1908. Maana Metz nao umehamishwa kuliko mchezaji yeyote: Wajerumani waliuchukua 1871, Wafaransa wakaurudisha 1918, 1940 ukachukuliwa tena, 1944 ukarudi tena. Mji ule ule, mto ule ule. Waliobadilika ni wenye jezi.

Song alikaa miaka minne. Mwaka 1996 wakabeba Kombe la Ligi la Ufaransa. Msimu wa 1997-98, akiwa na kina Robert Pires, wakamaliza ligi na pointi 68, sawasawa na Lens. Ubingwa ukaenda Lens kwa tofauti ya magoli. Inauma? Sana. Na mwezi uliofuata, kwenye Kombe la Dunia lililofanyika hapo hapo Ufaransa, akatolewa tena kwa nyekundu dhidi ya Chile mjini Nantes. Akawa mtu wa kwanza katika historia kupata kadi nyekundu katika Kombe la Dunia mara mbili tofauti. Alikuja kupata mwenzake 2006, na mwenzake ni Zinedine Zidane, kwa hiyo si kampuni mbaya.

SALERNO: BAHARI NA HARUFU YA LIMAU

Baada ya baridi ya Metz, Mungu akampa kusini mwa Italia. Salerno uko chini kidogo ya Napoli, treni haifiki saa nzima. Kuna barabara ndefu ya kutembea kwa miguu kandokando ya bahari, minazi yao isiyozaa nazi, wazee kwenye mabenchi, na wapenzi wameshikana mikono saa ambazo kwetu wangeshaitwa kwa mjumbe. Kuanzia hapo mnapanda boti mpaka Amalfi, milima imeporomoka hadi baharini na malimau makubwa kama ngumi yananing'inia juu ya vichwa vyenu. Kama ni fungate, hapa ndipo.

Jambo moja ambalo wageni hawalijui: katika Zama za Kati mji huu ulikuwa na shule ya tiba iliyovuma Ulaya nzima. Watu walisafiri kutoka mbali kuja kutibiwa na kusomea udaktari.

Kwa Song lakini Salerno haikuwa dawa. Klabu ya Salernitana ilikuwa imerudi Serie A baada ya nusu karne. Yeye akaja 1998, na kijana mmoja mkorofi aitwaye Gennaro Gattuso naye akaja. Haikusaidia, mwisho wa msimu timu ikashuka daraja. Song mwenyewe alikuwa ameshaondoka tangu Januari. Hata mwaka hakumaliza.

LIVERPOOL NA LONDON: JINA LINALOIMBWA

Januari 1999 Liverpool wakatoa kama pauni milioni 2.7, akatua Anfield. Kwa Kiingereza jina lake maana yake ni wimbo, na Anfield watu wanaimba tangu wakiwa barabarani. Mashabiki hawakulaza damu, jina lile likawa utani wao wa kila wiki. Walimpenda kwa nguvu zake, kwa rasta zake, na kwa kujitupa miguuni mwa mtu kana kwamba mpira ni urithi wa babu yake.

Ukienda Liverpool panda feri ya mto Mersey, hasa jioni yenye upepo, mjifunike koti moja. Tazameni majengo makubwa ya mbele ya bandari na mkumbuke kwamba sehemu ya utajiri ule ulitokana na meli zilizobeba watumwa kutoka Afrika Magharibi, upande ule ule wa bara anakotoka Song. Mji hauufichi ukweli huo siku hizi. Ni matembezi ya kimapenzi na ya kufikirisha kwa wakati mmoja.

Kupendwa na jukwaa ni kitu kimoja, kupangwa na kocha ni kingine. Novemba 2000 akauzwa West Ham ya London mashariki, mwezi uleule ambao klabu hiyo ilimuuza Rio Ferdinand kwenda Leeds kwa pauni milioni 18. Wewe fikiria tu unaingia ofisini kukalia kiti cha mtu ambaye kila mfanyakazi bado anamlilia. Uwanja wa Upton Park aliochezea umeshavunjwa, West Ham waliuhama 2016, lakini barabara ya Green Street ipo, na maduka yake ya sari, dhahabu na pipi za Kihindi. Utadhani uko Kisutu, ila na koti zito.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye jibu letu. Katikati ya misukosuko hiyo, 13 Februari 2000, Song akiwa na miaka 23 aliiongoza Cameroon kama nahodha katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Lagos, ndani ya uwanja uliojaa Wanigeria. Mechi ikaisha 2-2, penati 4-3, kombe likaenda Yaoundé. Mtu ambaye klabuni alikuwa akihesabiwa kama mzigo wa kusukumiwa mlango wa pili, nyumbani ndiye aliyekabidhiwa kombe la bara zima.

KÖLN: MAKUFULI YA WAPENZI

West Ham nao wakampeleka Köln kwa mkopo msimu wa 2001-02. Neno lenyewe linatosha: mkopo. Unaazimwa kama ngazi ya jirani.

Köln utaupenda. Ukitoka tu kituo cha treni, kanisa kuu liko mbele ya pua yako, minara miwili ya mita 157, jeusijeusi kama limetoka motoni. Hatua chache kutoka hapo kuna daraja la Hohenzollern juu ya mto Rhine. Miaka hii wapenzi wamelijaza makufuli: mnaandika majina yenu, mnalifunga kwenye wavu wa daraja, ufunguo mnautupa mtoni. Kuna wanaoona ni utoto. Lakini simama pale nusu saa, uone watu wazima wanavyochukua muda kuchagua pa kufunga kufuli lao.

Song naye alikuwa na kufuli lake, na lilikuwa la rangi ya kijani. 10 Februari 2002, katikati ya msimu mbaya kabisa wa Köln, alikuwa Bamako na Simba Wasiofugika. Fainali, Senegal, 0-0, penati 3-2, kombe la pili mfululizo. Miezi michache baadaye Köln ikashuka daraja. Mwaka ule ule, mtu yule yule, bingwa wa Afrika na beki wa timu iliyoshuka. Kama angejipima kwa kituo cha kazi pekee, angekuwa ameshakata tamaa. Ila alikuwa na kitu kimoja kisichouzwa wala kukopeshwa. Kila alipoitwa, alikwenda.

Wapenzi wasomaji, hili ni la kwetu pia. Wanandoa wengi wanaohama hugombana kuhusu mji: huu una baridi, ule hauna shule nzuri, huku hakuna ndugu. Mji si tatizo. Tatizo ni kwamba hawakuwahi kukubaliana ni kitu gani hakihami. Inaweza kuwa chakula cha Jumapili kinacholiwa pamoja hata kama mmoja yuko kwenye simu upande wa pili wa dunia. Inaweza kuwa kiwanja kijijini, au ahadi kwamba hakuna anayesaini mkataba kabla mwenzake hajausoma. Kiwe chochote, mradi wote wawili mnakijua na wote mnaitika kikiita.

LENS: MAKAA YA MAWE NA PICHA MOJA

Mwaka 2002 akahamia Lens, klabu ileile iliyompokonya ubingwa kwa tofauti ya magoli. Dunia duara.

Lens ni mji mdogo wa wachimba makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa. Mgodi wa mwisho wa eneo lile ulifungwa 1990. Uwanja wake, Bollaert, unachukua watu wengi kuliko wakazi wote wa mji. Tuseme Jumamosi ya mechi wenye mji wote wakae vitini, na bado kutakuwa na nafasi ya wageni. Nje ya mji, pale Loos-en-Gohelle, kuna vilima viwili vyeusi vya mabaki ya migodi ambavyo unaweza kuvipanda kwa miguu. UNESCO waliuweka ukanda huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2012, na Desemba mwaka huo huo jumba la makumbusho la Louvre likafungua tawi lake Lens, juu ya kiwanja kilichokuwa mgodi. Kwa wachumba wasiopenda foleni za Paris, ni siri nzuri.

Lakini Mwafrika akifika Lens ana pa kusimama kwanza. Jirani na uwanja kuna barabara yenye jina la Marc-Vivien Foé. Alikuwamo kwenye kikosi cha Lens kilichochukua ubingwa wa 1998, na alikuwa mwenzake Song katika timu ya taifa. 26 Juni 2003, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia mjini Lyon, Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Hakuamka. Alikuwa na miaka 28.

Siku tatu baadaye fainali ikachezwa Saint-Denis, Cameroon na Ufaransa. Ufaransa wakashinda 1-0 kwa goli la dhahabu la Thierry Henry. Wakati wa kukabidhiwa medali, Wacameroon walibeba picha kubwa ya Foé, medali yake ikatundikwa kwenye picha hiyo. Nahodha wa Ufaransa, Marcel Desailly, hakulinyanyua kombe juu. Alilishika pamoja na Song. Mabeki wawili wa timu zilizotoka kupambana, mkono mmoja huyu na mmoja yule. Sijui kama kuna picha inayoeleza vizuri zaidi kwamba kazi ni kazi, na watu ni watu.

ISTANBUL: MIAKA MINNE NA DAKIKA MOJA

Kama kuna mji uliomtuliza, ni Istanbul. Galatasaray walimchukua 2004, akakaa mpaka 2008. Kombe la Uturuki 2005, wakiwachapa mahasimu wao Fenerbahçe 5-1 fainali. Ubingwa wa ligi 2006, ukapatikana siku ya mwisho kabisa ya msimu.

Istanbul hauelezeki, unaonjwa. Asubuhi nunueni simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, mpande feri kutoka Ulaya kwenda Asia kwa nauli ndogo tu. Chai inaletwa kwenye vigilasi vilivyobana kiuno, shakwe wanafuata nyuma wakidoea vipande vya mkate. Mtu wa Zanzibar atasikia adhana ikipokezana msikiti kwa msikiti, ataona kahawa, halua na mabaraza, atahisi yuko kwa shangazi. Usiku ni mtaa wa İstiklal, na ile tramu nyekundu ya zamani ikipenya katikati ya watu. Uwanja aliochezea Song, Ali Sami Yen, ulifungwa 2011 na mahali pake pamesimama majengo marefu.

Ndipo ikaja ile dakika. 10 Februari 2008, Accra, fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Cameroon na Misri, 0-0. Zimebaki dakika kama kumi na tatu. Song ana mpira mbele ya lango lake, Mohamed Zidan anamsumbua, wanaanguka wote, Zidan anaamka na mpira, pasi kwa Mohamed Aboutrika, goli. 1-0. Kombe likaenda Cairo. Mechi zote zile, makombe mawili yote yale, na kwa watu wengi Song akawa mtu wa dakika ile tu.

Angeweza kutundika daluga. Wengi tungemwelewa. Badala yake alipanda ndege kurudi Istanbul, akavaa jezi, na miezi mitatu baadaye Galatasaray wakawa mabingwa wa Uturuki. Ndiyo maana nasema mtu asiyewahi kukosea hadharani hajui maana ya kuwa na pa kurudi Jumatatu.

TRABZON: MWISHO WA BARABARA

Kutoka Istanbul hadi Trabzon ni basi la usiku kucha kufuata Bahari Nyeusi, au ndege kama hamna subira. Mvua nyingi, milima ya kijani, mashamba ya chai ya jirani zao wa Rize yanayoshuka hadi karibu na maji. Mtu wa Lushoto au Kericho atajiuliza kama kweli amesafiri. Samaki wao ni hamsi, dagaa wa Bahari Nyeusi, wanamkaanga na unga wa mahindi na kumla kwa fujo. Kisha mchukue gari hadi Sumela, monasteri ya kale iliyobandikwa ubavuni mwa jabali kama kiota cha mbayuwayu. Kupanda kwake kunatoa jasho, lakini mkifika mtakaa kimya wote wawili.

Song alichezea Trabzonspor 2008 hadi 2010, akafunga ukurasa kwa Kombe la Uturuki: 3-1 dhidi ya, nani tena, Fenerbahçe. Upande wa taifa unahodha alikuwa ameshavuliwa 2009, akapewa Samuel Eto'o. Kuna watu wakivuliwa cheo wanavua na jezi. Yeye alikwenda Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 kama mchezaji wa kawaida, Kombe lake la Dunia la nne, miaka 16 baada ya lile la kadi. Akastaafu akiwa na mechi 137 za timu ya taifa na fainali nane za Afrika.

KURUDI NGAMANI

Wazee wa pwani wana usemi: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Song akarudi Yaoundé. Na hapo nyumbani, Oktoba 2016, mshipa wa damu ukapasuka kichwani. Akazimia, akalazwa mahututi, kisha akasafirishwa hadi Paris, hospitali ya Pitié-Salpêtrière. Nchi nzima ikashika tama. Mzee wa safari akafanya safari ambayo hakuipanga, na akarudi kutoka huko pia.

Februari 2022 akateuliwa kocha mkuu wa Cameroon. Mwezi uliofuata akaipeleka timu Kombe la Dunia kwa goli la dakika ya 124 ugenini Algeria. Na tarehe 2 Desemba 2022, katika uwanja wa Lusail, Qatar, timu yake ikakutana na nani? Brazil. Dakika za nyongeza Vincent Aboubakar akapiga kichwa, 1-0. Akavua jezi kushangilia, akala kadi ya pili ya njano, kisha nyekundu. Mwamuzi akampa mkono kwanza ndipo akamtoa. Haikutosha kuivusha Cameroon kwenye makundi, lakini ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kuifunga Brazil katika fainali za Kombe la Dunia.

Kadi nyekundu dhidi ya Brazil, 1994 na 2022. Kwenye benchi alikuwa yule kijana wa miaka 17, sasa mtu mzima wa miaka 46. Ukocha wenyewe aliuacha 2024, baada ya Cameroon kutolewa na Nigeria kwenye Kombe la Afrika. Nao ulikuwa kituo tu.

Kwa hiyo wazee walikosea? Nusu. Mtu wa kuhamahama hukosa kwake pale tu anapodhani kwake ni anwani.

Kama mnataka kuifuata njia hii, si lazima muimalize kwa mkupuo. Ufaransa, Ujerumani na Italia mnaingia kwa viza moja ya Schengen, kwa hiyo Metz, Köln, Lens na Salerno zinaweza kuwa likizo moja ya wiki mbili kwa treni. Uingereza ina viza yake, muitenge. Uturuki iwekeni peke yake, Istanbul siku nne, Trabzon tatu, Mei au Septemba wakati hali ya hewa ni tulivu. Yaoundé muiache mwisho, na mkifika, siku ya mechi ya taifa msikae hotelini. Kaeni kwenye vile viti vya plastiki, muagize samaki, mtazame mpira na wenye nchi.

Na kabla hamjakata tiketi, au kabla mmoja wenu hajasaini ile barua ya kazi, kaeni chini muulizane jezi yenu namba 4 ni ipi. Safari njema.